Kibera ilianza na familia za wanajeshi. Picha zao ziko wapi?

Panda ngazi za Nyayo Highrise hadi orofa ya juu kabisa jioni, wakati jua linateremka upande wa Ngong, halafu utazame chini. Upande mmoja ni Lang'ata Road na foleni yake ya matatu. Upande wa pili ni mabati, ya Soweto, ya Laini Saba, ya Lindi, yameshikana hadi macho yanachoka. Wengi wetu tumepiga hiyo picha. Iko kwenye simu za nusu ya vijana wa hapa, imewekwa filta ya rangi ya chungwa na neno "mtaa" limeandikwa chini yake.

Kitu ambacho picha hiyo haisemi ni kwamba hapo unapotazama palikuwa ardhi ya jeshi. Mtaa huu haukuanza na watu waliokuja mjini kutafuta kazi ya mjengo. Ulianza na askari, na wake zao, na watoto wao.

Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, akifanya kazi ya kampuni ya Waingereza, alifika Kavalli karibu na Ziwa Albert. Huko alikuta askari wa Kisudani waliobaki baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka. Akawachukua wamsaidie kuitawala Uganda. Askari wenyewe walikuwa kama 600 hivi. Lakini waliotembea nyuma yao, wake, watoto, wazazi na watumishi, walikuwa takriban 8,000. Piga hesabu. Kwa kila bunduki moja kulikuwa na zaidi ya watu kumi waliobeba sufuria, mikeka na watoto wachanga. Vitabu vya shule vikitaja safari hiyo hutaja bunduki tu.

Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza Afrika Mashariki viliunganishwa vikawa King's African Rifles, KAR. Askari wa Kisudani walikuwa miongoni mwa wale waliokuwa uti wake wa mgongo. Waliostaafu walipewa ruhusa ya kukaa msituni kusini-magharibi mwa Nairobi, nao wakapaita Kibra, neno ambalo kwa Kinubi lina maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya mkoloni ikapatangaza rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, ekari 4,197. Hata leo majina bado yananukia baruti. Kambi Muru ni kambi. Kuhusu Laini Saba, wapo wazee wanaosema jina lilitoka kwenye uwanja wa KAR wa kulenga shabaha. Ukivuka mji unakuta Kariokor, ambayo ni "Carrier Corps" iliyopinda mdomoni, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye Jogoo Road kuna soko la Burma, jina walilorudi nalo waliopigana Asia miaka ya 1940. Nairobi ni mji wa wanajeshi hata kama tunaupenda kuuita mji wa mahasla.

Sasa swali letu wiki hii, na tunaliuliza tukijua kila msee anayesoma hapa ana kamera mfukoni: picha za hizo familia ziko wapi?

Za askari zipo. Ukitafuta kwenye hifadhi ya Imperial War Museum kule London utaona wanaume wa KAR wamepiga foleni, wamevaa kofia ndefu, miguu imefungwa vitambaa. Mara nyingi afisa Mzungu aliyesimama pembeni ameandikwa jina na cheo. Wale wengine thelathini wameandikwa "askari". Za wake zao ni chache mno, na zilizopo zilipigwa kama mtu anavyopiga picha ya kitu cha ajabu alichokutana nacho njiani.

Picha nyingine, zile ambazo familia zenyewe zilitaka, ziko Makina. Ziko ndani ya albamu zenye karatasi ya plastiki inayonata, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, nyuma ya kioo kilichopasuka kona. Mzee amesimama studioni na medali kifuani. Mama amevaa gurbaba, ameketi, mkono umewekwa juu ya bega la mtoto ambaye leo ni babu ya mtu. Harusi, watu wakicheza doluka. Mtoto wa shule na soksi hadi magotini. Nyuma ya picha kuna maandishi ya kalamu ya wino, wakati mwingine kwa herufi za Kiarabu, na hakuna kijana ndani ya nyumba anayeweza kuyasoma.

Kuna mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kabla yetu, na hakuwa wa hapa. Mpiga picha Mmarekani, Greg Constantine, alitumia miaka akifuatilia watu wasiotambuliwa uraia sehemu mbalimbali za dunia. Alipofika Kibera alipiga picha zake, sawa, lakini pia aliziomba familia za Kinubi zimwonyeshe za kwao. Mwaka 2011 alitoa kitabu, Kenya's Nubians: Then & Now, kilichoweka picha za albamu za familia pamoja na picha zake za wakati huo. Nadhani wazo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mpiga picha yeyote mzuri anaweza kuja Kibera akatoka na picha nzuri. Ni wachache wanaoketi, wakanywa chai, wakasema: mama, hebu nionyeshe picha mlizojipiga wenyewe.

Kwa nini hizo albamu ni muhimu hivyo? Kwa sababu kwa Wanubi swali la "ninyi ni wa wapi" halijawahi kuwa la stori za jioni. Mkoloni aliwapa msitu lakini hakuwapa hati. Tume ya Ardhi ya Carter, miaka ya 1930, iliona kwamba walikuwa wapangaji tu kwa hiari ya serikali ya Uingereza. Uhuru ukaja, na serikali mpya ikarithi ardhi pamoja na mtazamo huo. Ekari 4,197 zikaanza kumegwa. Wazee wa Kinubi watakuhesabia kwa vidole mitaa iliyosimama juu ya Kibra ya zamani: Jamhuri, Ayany, Olympic, Fort Jesus, Lang'ata, na ndiyo, hii Highrise yetu. Mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ardhi ya jamii, ilikuwa ya ekari 288.

Hiyo ni ardhi. Kitambulisho kilikuwa kazi nyingine. Kijana wa jamii nyingine akifika miaka 18 alienda kwa chifu, akajaza fomu, akasubiri. Kijana Mnubi alipelekwa mbele ya kamati ya kumchuja, akaulizwa babake alizaliwa wapi, babu yake je, hati ziko wapi. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, kwa kuwaacha bila kusajiliwa kama raia tangu kuzaliwa. Tazama tarehe. Mwaka huohuo ndio kitabu cha Constantine kilitoka. Mwaka mmoja, mashahidi wa aina mbili.

Tuseme ukweli hapa, maana kuna vijana hutetea picha kama dini. Picha si cheti cha kuzaliwa. Hakuna karani atakayekugongea muhuri kwa sababu nyanya yako alipendeza mwaka 1938. Kamati iliyoamua kukuchuja itaitazama picha ya babu yako akiwa na sare ya KAR, ikurudishie, na ikuulize hati. Lakini kuna tofauti kati ya familia inayoulizwa "mmetoka wapi" ikiwa mikono mitupu na familia inayoweza kufungua albamu. Hiyo ya pili haibabaiki. Inajua kwamba babu alilishwa, akavishwa na kupelekwa vitani na serikali hiyohiyo ambayo mrithi wake leo anauliza yeye ni nani.

Pale Kenyatta Avenue mjini kuna ile sanamu ya shaba ya watu watatu, kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Tumepita hapo mara elfu tukikimbilia matatu. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watawakumbuka kwa majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kujikosoa. Ilikiri kwamba wafu wa vita hivyo wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Yaani aliyejenga sanamu aliwaachia watoto kazi ya kukumbuka majina, halafu yeye mwenyewe hakuyaandika. Kwa hivyo kama jina limebaki, limebaki nyumbani. Limebaki kwa mama fulani Makina anayeweza kuweka kidole juu ya uso mmoja kati ya thelathini na kusema, huyu ndiye.

Huyo mama ana miaka mingapi sasa? Hilo ndilo linalotukosesha usingizi. Mtu aliyekuwa mtoto wa miaka kumi Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945 amepita tisini, kama yupo. Kila mazishi yanaondoka na maelezo ya albamu nzima. Picha hubaki, lakini ikibaki bila jina inakuwa kama zile za London.

Na wakati mwingine hata picha haibaki. Julai 2018 matingatinga yalipopita Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu walitoka na walichoweza kubeba. Mtu akiwa na dakika chache huokoa godoro, gesi, mtoto, sare za shule. Hakuna anayeokoa sanduku la picha kwanza. Ongeza mioto ya kila mwaka, ongeza mvua inayopenya mabati mwezi wa nne. Picha ya karatasi ikilowa mara moja hunata kwenye kioo, na ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo.

Tumeongea sana kuhusu Wanubi kwa sababu ndio mwanzo. Ila familia za wanajeshi si historia tu. Ishi Highrise kidogo utawajua. Kambi ya Lang'ata haiko mbali, na si kila mwanajeshi anaishi ndani ya kambi. Jirani yetu mmoja, tumwite mama watoto, mumewe alikaa Somalia mwaka mzima chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika. Ukutani kwake, juu ya televisheni, ilikuwa ile picha rasmi ambayo kila familia ya mjeshi inayo: sare, kofia, uso wa chuma. Watoto wake hawakuwa wakiitazama hiyo. Walikuwa wakitazama simu. Huko ndiko baba alikuwa akicheka, akiwa amevaa kandambili, ameshika kikombe cha chai, nyuma yake kuna magunia ya mchanga. Alikuwa anatuma moja moja intaneti ikikubali. Halafu simu ikaibiwa ndani ya matatu. Mume alirudi salama, shukrani kwa Mungu, lakini mwaka huo wa watoto wake umebaki na picha moja ya uso wa chuma. Nilimuuliza kwa nini hakuzihifadhi mahali pengine. Akaniambia, "Nilikuwa naogopa hata kuziweka status. Wewe unajua ni nani anaangalia?"

Ana haki ya kuogopa. Tangu Oktoba 2011 jeshi lilipovuka mpaka kwa operesheni ya Linda Nchi, picha ya mwanajeshi imekuwa kitu cha hatari hapa kwetu. Januari 2016 kambi ya El Adde iliposhambuliwa, picha za waliouawa zilisambaa mitandaoni kabla familia nyingi hazijapigiwa simu. Serikali ikaonya watu wasizisambaze, na mwanahabari mmoja akakamatwa kwa aliyoyaandika kuhusu shambulio hilo. Kwenye onyo la kutosambaza picha za maiti tunaungana na serikali kabisa. Hakuna mke anayestahili kumwona mumewe hivyo kwa grupu ya WhatsApp ya chama. Lakini baada ya hapo serikali haikuwahi kutoa idadi kamili ya waliokufa. Tulikataza picha mbaya, halafu hatukuweka nyingine yoyote mahali pake. Familia zikaachwa na jeneza lenye bendera, picha tatu za mazishi zilizopigwa na magazeti, na kimya.

Huu ndio msimamo wetu, na tunajua si kila mtu ataupenda. Tunasema vijana wa Highrise, Makina, Lindi, Kawangware na kwingineko waanze kukusanya picha za familia za wanajeshi, za jana na za leo, na waanze na zile zilizopo tayari kabla ya kwenda kupiga mpya.

Kwa nini zilizopo kwanza? Kwa sababu Kibera imechoka na kamera. Hili hatuhitaji kulieleza kwa aliyelelewa hapa. Wageni wamepita na lenzi ndefu tangu tukiwa wadogo, wakatupiga tukiwa na kamasi, wakaondoka. Wapo waliofanya tofauti, na haki yao tuwape. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera kwa macho na nyuso za wanawake wa hapahapa, picha kubwa zilizochapishwa kwenye turubali lisilopitisha maji, kiasi kwamba sanaa yenyewe ilikuwa paa. Mwaka huohuo Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, wakapeleka picha za ghasia za baada ya uchaguzi barabarani ili waliozipitia wazione. Na Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, amekuwa akipiga mtaa wake kwa miaka chini ya jina Kibera Stories, na ukiona kazi yake unaona watu wanaojijua wanapigwa picha na wanapenda hivyo. Kwa hivyo hatuanzi kwa sifuri. Lakini albamu ya nyanya bado haijaguswa, na hiyo haihitaji kamera ya bei.

Inahitaji mchana mmoja na adabu. Nenda kwenu kwanza, si kwa jirani. Keti na mwenye albamu, usiichukue uende nayo. Najua utaambiwa, "Beba tu utarudisha," na najua ulivyo, hutarudisha kwa wakati. Iweke mezani karibu na dirisha, zima flashi, shika simu sambamba na picha ili kona zisipinde. Usiibandue picha iliyonata, ipige ilivyo. Kisha igeuze, upige na mgongo wake hata kama huoni kitu, maana muhuri wa studio au tarehe iliyofifia huonekana baadaye ukikuza. Halafu washa kinasa sauti na unyamaze. Uliza tu: huyu ni nani, wa kwanza kushoto? Alikuwa wapi wakati huo? Nani alipiga? Mara nyingi jibu la swali la tatu ndilo hufungua stori yote.

Na usitafute wenye medali peke yao. Hapa ndipo kazi yetu inaweza kuwa bora kuliko ya waliotutangulia. Askari alikuwa mbali miezi na miaka. Nani aliendesha nyumba? Kibra ya zamani wanawake walilima, wakasuka tabaga, wakafundisha watoto Kinubi, na ndiyo, walipika ile pombe kali ambayo Nairobi nzima iliijua kama Nubian gin. Najua kuna familia ambazo hazipendi hilo litajwe, na kwa sababu za dini tunaelewa. Lakini ada za shule zililipwa na nani wakati pensheni ilikuwa ndogo au haipo? Ukiona picha ya mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya udongo yenye veranda, mikono kiunoni, usiiruke ukitafuta ya mzee na bunduki. Huenda hiyo ndiyo nyumba iliyojengwa na chupa.

Kwa familia za wanajeshi wa sasa, sheria ziwe kali zaidi. Usipige kambi. Geti la kambi lina kibao cha kukataza na hicho kibao hakitanii, utapoteza simu na usiku mmoja seli. Usiweke uso wa mwanajeshi aliye kazini mtandaoni, wala jina la kikosi, wala alipo. Mtoto wake usimposti hata mama akikubali kwa furaha ya wakati huo, mpe wiki moja afikirie tena. Lakini hakuna sheria inayomkataza mama watoto kuchapisha zile picha za kandambili na kikombe cha chai, kuziweka kwenye albamu, na kuandika nyuma: baba yenu, tarehe fulani, siku aliyotuambia chai ya huko haina maziwa. Chapisha. Tunarudia kwa sababu kizazi chetu kina picha nyingi kuliko kizazi chochote kilichowahi kuishi, na huenda ndicho kitakachoachia watoto wake chache zaidi. Picha ya mwaka 1938 imeishi chini ya kitanda bila chaji. Ya kwako imeishi miezi minane, mpaka wezi wa matatu.

Kuna mdau wa kuulizwa pia. Ukitoka Highrise ukashika Lang'ata Road, si mbali utafika Uhuru Gardens, pale bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Mahali hapo pamejengwa upya, jeshi lenyewe likisimamia kazi hiyo, pamekuwa kumbukumbu na makumbusho ya taifa. Ombi letu kwa wanaopasimamia ni dogo. Wapeni familia ukuta mmoja. Si wa majenerali, hao wana kuta zao. Ukuta wa wake, wajane, na watoto waliokuwa wakikimbilia dirisha kila Land Rover ya kijani ikipita. Uanze na mwanamke Mnubi wa Kibra mwenye gurbaba na uishie na mama wa Highrise mwenye simu. Nyumba ya kumbukumbu za taifa kule Moi Avenue nayo inaweza kutenga siku za vijana kuleta nakala zao zikahifadhiwa vizuri, pamoja na sauti. Lakini kwa hali tunayoijua ya ofisi zetu, tusikae tukingoja barua ijibiwe.

Neno moja kwa wenzetu wapiga picha ambao tayari macho yamewaka wakiona maonyesho na tuzo. Nyanya akikuruhusu kupiga nakala hajakuuzia picha. Muulize kama unaweza kuionyesha kwa watu, na muulize tena siku ya kuionyesha, kwa sababu alikubali mbele yako, hakukubali mbele ya ukumbi mzima. Kama pesa zitaingia, familia ijue ni ngapi. Na kabla ya chochote, mrudishie nakala iliyochapishwa, kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo, ndani ya fremu kama unaweza. Hii si hisani. Macho ya watu wazee hayaoni tena picha ya ukubwa wa kiberiti, na pengine kuna uso ambao hajauona sawasawa kwa miaka ishirini.

Ukipata picha ambayo hakuna mtu nyumbani anayemjua aliye ndani yake, usiiweke kando. Ipige mbele na nyuma. Andika ilipatikana kwenye sanduku la nani, mtaa gani, siku gani, na ilikuwa kati ya picha gani na gani. Kisha ipeleke kwa wazee msikitini Makina siku ya Ijumaa baada ya swala, ukae kando, uwaache waizungushe mkononi.